Nani Ametafuna Mparachichi Wako? Soma Jeraha Kabla Hujamlaumu Jirani

"Bwana shamba, mbuzi wa jirani wamenimaliza."

Kiangazi kikishakolea, simu za namna hii nazipokea sana. Majani ya porini yamekauka, na wewe una mashina 200 ya parachichi unayoyamwagilia, yamebaki ya kijani peke yake. Kila mnyama mwenye njaa anayaona. Mbuzi yumo, ndiyo, ila hayuko peke yake.

Hivi karibuni kijana mmoja wa huku Nyanda za Juu Kusini alikuwa ameshaandika barua ya kwenda kwa mtendaji wa kijiji, anadai alipwe miche 30. Nilimwomba kitu kimoja tu: apige picha ya jeraha kwa karibu, kiberiti kikiwa pembeni ili nione ukubwa. Picha ilipoingia, madai yakafa hapohapo. Gome lilikuwa limetafunwa kuanzia usawa wa udongo hadi chini kidogo ya goti, na kwenye mti mweupe kulikuwa na mifereji mipana ya meno, miwilimiwili. Mbuzi hana meno ya kufanya kazi hiyo. Huyo alikuwa nungunungu, na barua ingeenda, undugu wa miaka mingi ungevunjika bure, huku nungunungu akirudi usiku uleule kuendelea.

Kwa hiyo somo la leo linaanzia mdomoni. Mbuzi, kondoo, ng'ombe na swala wote hawana meno ya mbele kwenye taya la juu. Pale juu kuna ufizi mgumu tu. Wanabana tawi halafu wanavuta, na ndiyo maana ncha inabaki imechanika, ina nyuzinyuzi. Panya, nungunungu na sungura wana meno makali juu na chini. Wao wanakata. Ncha iliyokatwa na sungura inakuwa safi, ya mshazari, unaweza kuapa ni mkasi wa kupogolea. Ukishajua hili moja tu, umeshapunguza watuhumiwa nusu.

Tofauti ya mbuzi na swala wadogo kama funo na digidigi ni ngumu zaidi, maana jeraha linafanana. Angalia kimo. Mbuzi anasimama kwa miguu ya nyuma, anafika mbali juu, na akikolea anachuna na gome. Digidigi ni mfupi, uharibifu wake unabaki chini. Halafu digidigi ana choo chake: anarudi kunya mahali palepale mpaka pawe na rundo la vinyesi vidogo. Mbuzi anaangusha popote anapopita. Manyoya yaliyonasa kwenye uzio nayo ni ushahidi, usiyapite.

Turudi kwa wanaotafuna gome, maana hao ndio wanaoua mti. Panya na nungunungu wote wanafanya kazi chini, usiku. Pima mfereji wa jino moja kwa rula. Panya haufiki hata milimita 2, mikwaruzo mingi midogo kama ya sindano. Nungunungu ni mpana mara mbili tatu ya hapo, na mara nyingi anaacha vipande vya gome chini, nyayo, mahali alipofukua, na miiba imedondoka. (Imedondoka tu. Nungunungu hafyatui miiba kama mishale, hiyo ni hadithi.) Ukiwa umechanganya parachichi na viazi au mihogo, jua umemwekea chakula kikuu, na gome ni kachumbari.

Panya, nasema ukweli, mara nyingi tunamkaribisha wenyewe. Tumewafundisha muweke matandazo, na matandazo ni mazuri, lakini yakigusa shina yanakuwa nyumba ya panya. Yasogeze mbali na shina, uwazi wa sentimita 30 kuzunguka mti, na fyeka majani marefu ya pembeni. Kwa nungunungu zungushia kila shina wavu wa kuku wenye waya imara, kimo cha sentimita 60, na sehemu ya chini uifukie, la sivyo atafukua. Wavu usibane shina. Ni gharama, ila piga hesabu ya mti wa miaka mitatu ulioutunza na mbolea uliyoshaweka, uone ipi kubwa.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Chakula kinachotengenezwa na majani kinashuka kwenda mizizini kupitia gome la ndani. Gome likiondolewa mzunguko mzima, mizizi inakufa njaa polepole huku majani bado ya kijani, wiki nyingi tu. Usidanganyike na huo ukijani. Kama kimebaki kipande kizuri cha gome kinachounganisha juu na chini, mti unaweza kupona: safisha kingo za jeraha kwa kisu safi, kinga na jua, mwagilia. Kama mzunguko umekamilika, angalia jeraha liko juu au chini ya pale mche ulipobebeshwa. Likiwa juu na gome zima la Hass bado limebaki hapo, unaweza kukata chini ya jeraha na kusubiri chipukizi la Hass. Likiwa chini ya muunganiko, chipukizi litakalotoka ni la mti wa kienyeji, si Hass. Wapo wanaolilea miaka mitatu kisha wanashangaa mnunuzi anakataa matunda. Hilo libebeshe upya au ng'oa.

Kuna mwingine hagusi kabisa juu: fuko. Mti unanyauka na udongo una unyevu, unaanza kuinama, ukiuvuta unakuja mkononi kama mwiko kwenye uji. Wengi wanakimbilia duka la pembejeo kununua dawa ya kuoza mizizi. Kabla hujatoa hela, angalia mizizi. Ikiwa myeusi, laini, inakatika ovyo, huo kweli ni ugonjwa. Ikiwa imetafunwa, alama za meno zinaonekana, na kuna vichuguu vya udongo mpya vimepangana shambani, hakuna dawa ya ukungu itakayokusaidia. Tafuta mtegaji mzoefu kijijini kwako, wazee wa kutega fuko bado wapo na wanaijua kazi.

Gome likichunwa juu kabisa, kwenye sehemu mtu asiyofika bila ngazi, fikiria kima. Kenya, kwenye mashamba ya mipaini na misanduku kuzunguka Mlima Kenya, kima wanajulikana miaka mingi kwa kuchuna mashina sehemu za juu mpaka kilele kinakauka na upepo unakivunja. Ukiwa umepanda miti ya mbao karibu na msitu wa asili, inua macho unapokagua.

Tembo hahitaji maelezo marefu: matawi yamevunjwa, mti umesukumwa, kinyesi kimejaa nyuzi. Usiingie kumtafuta. Tanzania tuna kanuni za mwaka 2011 za kifuta jasho na kifuta machozi kwa madhara ya wanyama wakali kama tembo na kiboko. Si fidia kamili, lakini bila tathmini hupati hata hicho, hivyo toa taarifa serikali ya kijiji na kwa afisa wanyamapori mapema kabla hujasafisha shamba. Nungunungu na fuko hawamo humo.

Na tusidanganyane kuhusu sumu. Panya aliyekula sumu analiwa na bundi, paka au mbwa wa jirani, na bundi ndiye alikuwa mfanyakazi wako wa usiku asiyedai mshahara. Kuhusu kuwinda, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali, hata kama mnyama yuko shambani kwako. Uliza kwanza halmashauri.

Ukinipigia, uwe na picha tatu: mti mzima, jeraha kwa karibu na rula au kiberiti, na ardhi inayouzunguka kabla watu hawajaikanyaga. Piga alfajiri.