Faini inayokosewa usiku

Swali: Maktaba yetu inatumia Koha, programu ya maktaba iliyoandikwa kwa Perl. Faini za vitabu vilivyochelewa hukosewa mara mojamoja. Nitumie dibaga ya Perl au niandike logi? Msomaji, Bagamoyo.

Jibu: Andika logi. Koha hukokotoa faini kwa skripti ya fines.pl, ambayo kwa kawaida hupangiwa kwenye cron ijiendeshe usiku. Dibaga (perl -d) ni chombo kizuri, lakini humtaka mtu awepo kitini, na kosa lako haliji kwa miadi. Mwanzoni mwa kila funksheni unayoishuku, andika jina lake, vigezo ilivyopokea na, kwa msaada wa caller, aliyeiita na mstari wenyewe; Carp::cluck hukupa mnyororo mzima wa miito bila kuisimamisha programu. Tarehe uzikazie macho: Koha ikipangwa kufuata kalenda huziruka siku za kufungwa, na Idd hutegemea mwandamo wa mwezi, hivyo siku yake huweza kukosewa kwenye kalenda hiyo. Utaambiwa kwamba kufuatilia kwenyewe huweza kubadili matokeo. Ni kweli. Ukiifunika funksheni ndani ya nyingine bila kuangalia wantarray (inayoonyesha kama mwitaji anataka orodha au thamani moja), iliyokuwa ikirudisha orodha huenda ikarudisha idadi tu, nawe ukaanza kusaka kosa ulilolipanda mwenyewe. Ndiyo maana naona heri mistari michache ya logi ndani ya funksheni yenyewe. Majina ya wasomaji yasiingie humo. Namba ya azimo yatosha.