Hata Lepe la Usingizi: Maswali ya Wanaokesha na Mawazo

Kukosa usingizi usiku mmoja kabla ya mtihani, usaili wa kazi au harusi ya binti si ugonjwa. Maelezo haya yanawahusu wale ambao usiku wa namna hiyo umejirudia mpaka jua likizama wanaanza kuwa na wasiwasi. Maswali yameachwa jinsi watu wanavyoyauliza.

Mbona mchana niko sawa, nikipanda kitandani tu mawazo yananivamia?

Mchana una mengi ya kukushughulisha: wateja, foleni, watoto, simu zisizokwisha. Taa ikizimwa vyote hivyo vinaondoka, linabaki lile ulilokuwa unalikwepa tangu asubuhi. Kodi ya miezi sita inayodaiwa kwa mkupuo. Marejesho ya mkopo wa kausha damu. Neno alilolitoa wifi msibani. Mwili nao unaitikia: tezi zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini, moyo unaenda mbio, misuli inakaza, macho yanakodoka gizani. Ni maandalizi ya kukimbia au kupigana. Deni halikimbiwi kwa miguu, lakini mwili haulijui hilo, basi unakaa macho ukisubiri.

Kujikataza kuwaza hakusaidii. Mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani Daniel Wegner na wenzake walichapisha jaribio ambalo wanafunzi waliambiwa wasimfikirie dubu mweupe kwa dakika tano, na kila akiwajia akilini wagonge kengele. Kengele ziligongwa tena na tena. Isitoshe, walioanza kwa kujizuia, waliporuhusiwa baadaye kumfikiria, walimfikiria zaidi ya wale walioruhusiwa tangu mwanzo. Anayejiambia saa nane usiku "sitaki kuwaza ada ya shule" ameshaiwaza.

Nimeanza kupanda kitandani saa mbili usiku ili nifidie. Mbona ndiyo inazidi?

Hapa ndipo wengi wanapojiumiza wenyewe, tena kwa nia njema kabisa.

Usingizi hujijenga mwilini kama njaa. Tangu unapoamka, kemikali iitwayo adenosini inazidi kujikusanya kwenye ubongo, na ni mojawapo ya vitu vinavyofanya kope ziwe nzito ikifika usiku. Aliyelala mchana kutwa, au aliyejiegesha kwenye kochi akasinzia wakati wa taarifa ya habari, amekula vitafunwa kabla ya chakula. Akifika kitandani hana hamu ya kutosha.

Kuna jambo jingine zito zaidi. Ukizoea kukaa kitandani saa tatu au nne kila usiku ukigeukageuka, kitanda kinakuwa mahali pa kuwazia. Ndiyo maana mtu anauchapa usingizi kwenye daladala na mkoba mapajani, halafu akiweka kichwa kwenye mto wake anakuwa macho kabisa. Mwaka 1972 mwanasaikolojia Richard Bootzin alitoa utaratibu wa kuvunja mazoea hayo, na mpaka leo umo ndani ya tiba ya kisaikolojia inayotolewa kwa watu wasiopata usingizi. Panda kitandani pale tu macho yanapoanza kufumba yenyewe, hata ikiwa ni saa sita usiku. Zikipita kama dakika ishirini hujalala, toka. Usichungulie saa, kadiria tu. Kaa pengine, fanya jambo la kutuliza, rudi usingizi ukija. Ukikataa tena, toka tena. Asubuhi amka saa ile ile, umelala hukulala, Jumapili ikiwemo.

Miongozo ya namna hii kwa kawaida huandikwa na watu wenye sebule. Kama mnaishi wanne kwenye chumba kimoja cha kupanga, "kutoka" maana yake ni kukaa kwenye kigoda au pembeni ya mkeka, umejifunika kanga kwa ajili ya mbu, mgongo umeuegemeza ukutani. Tochi ya simu imulike sakafuni, na intaneti uizime kabisa, maana ukifungua WhatsApp mara moja utashtukia adhana ya alfajiri. Kunja nguo zilizofuliwa. Vuta tasbihi au rozari. Soma kitabu unachokijua tayari, ambacho huna haja ya kujua mwisho wake.

Siku za kwanza utateseka zaidi ya ulivyokuwa. Uchovu wa mchana utakuelemea, na huo huo ndio unaokusaidia usiku, kwa hiyo usiumalize kwa kulala mchana. Ila wapo wasiopaswa kuanza bila mtaalamu: dereva wa lori au bodaboda, anayeendesha mashine, mwenye kifafa, na aliyewahi kuugua maradhi ya akili yanayomfanya achangamke kupita kiasi.

Nikiyaandika hayo mawazo, yatapungua?

Inategemea unaandika nini. Michael Scullin wa Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, alichapisha na wenzake mwaka 2018 utafiti wa vijana 57 waliolala maabara wakiwa wamefungwa vipima usingizi. Nusu waliandika kwa dakika tano mambo wanayotakiwa kuyafanya siku zijazo. Nusu wakaandika waliyokwisha kuyafanya. Kundi la kwanza liliwahi kusinzia kwa takriban dakika tisa. Dakika tisa si miujiza, lakini kalamu na karatasi ni bei rahisi. Tena walioorodhesha mambo yao kwa undani ndio waliowahi zaidi.

Kwa hiyo usiandike "ada". Andika: "Jumatatu saa tatu asubuhi nimpigie mhasibu, niombe kulipa kwa awamu mbili, ya kwanza mwisho wa mwezi." Hilo la pili lina siku, mtu na hatua. Wanasaikolojia wengine hupendekeza kutenga nusu saa ya kuwaza, tuseme saa kumi na mbili jioni, ukiwa umekaa na daftari mahali ambapo si kitandani. Wazo likibisha hodi usiku, unaliambia lisubiri zamu yake. Jambo hili linasikika la kitoto, mpaka ulijaribu wiki mbili mfululizo.

Pesa yenyewe haitapatikana kwa daftari, na sitaki kumdanganya mtu. Ila aliyelala anajadiliana na mwenye nyumba vizuri kuliko aliyekesha.

Na vidonge je? Jirani yangu anameza Piriton.

Piriton ni dawa ya mzio. Kusinzia ni athari yake ya pembeni, ambayo mwili huizoea upesi, na asubuhi inakuacha na kichwa kizito. Diazepamu, ambayo wengi huijua kwa jina la Valium, inahitaji cheti cha daktari kwa sababu ya msingi: ikitumiwa mfululizo, ndani ya majuma machache mwili unaweza kuitegemea. Aliyeizoea kwa muda mrefu asiiache ghafla, kwani anaweza kupata degedege. Apunguziwe taratibu na daktari. Mwaka 2016 chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilishauri kwamba mtu mzima mwenye tatizo sugu la usingizi aanze na tiba ya kisaikolojia kabla ya dawa yoyote.

Pombe inalaza haraka, kisha inakuamsha katikati ya usiku na kiu juu. Kahawa nayo huzuia ile adenosini isifanye kazi, na kwa mtu wa kawaida nusu ya kafeini huwa bado imo mwilini baada ya saa tano hivi. Kikombe cha kahawa chungu barazani baada ya magharibi, hesabu mwenyewe. Wazee watakuambia wamekunywa hivyo maisha yao yote na wanalala fofofo. Inawezekana, maana miili hutofautiana sana katika kuiondoa kafeini. Wewe jipime kwa wako.

Nashtuka usiku siwezi kunyanyua hata kidole, na kuna mtu amenikalia kifuani. Je, ni jini?

Watu wengi wamepitiwa na jambo hili, na wengi hawalisemi. Katika usingizi wa ndoto ubongo huizima misuli ya mwili, isipokuwa michache kama ya macho na ya kupumulia, ili usirushe mateke kila unapoota unakimbia. Mara nyingine akili huamka kabla misuli haijafunguliwa. Unaona chumba, unamsikia mwenzako akikoroma, lakini mwili umekataa. Ndoto nayo haijaondoka, kwa hiyo inaingia chumbani ikiwa na umbo la mtu aliyesimama mlangoni. Huisha baada ya sekunde au dakika chache, wala haiui.

Humjia zaidi aliyekosa usingizi, anayefanya kazi kwa zamu na anayelala chali. Mwaka 1995 hofu ya Popobawa, pepo aliyesemekana kuwavamia watu usiku vitandani mwao, ilipozagaa Pemba na Unguja, watu walihamia nje wakalala kwa makundi, na baadhi ya walioandika kuhusu hofu ile wameona kwamba maelezo mengi yalifanana na jinamizi la namna hii. Likikukaba, usipigane na mwili mzima. Jaribu kutikisa kidole kimoja cha mguu. Lala ubavu. Anayesoma dua kabla ya kulala asiache, dua na ubavu havigombani.

Ni lini niende hospitali?

Ikiwa unakosa usingizi usiku tatu au zaidi kwa wiki kwa muda wa miezi mitatu, usingoje tena. Nenda mapema zaidi ikiwa unazinduka alfajiri mbichi kila siku na moyo mzito, na kwa wiki mbili hata vitu ulivyovipenda havina ladha; hiyo inaweza kuwa sonona, nayo inatibika. Nenda pia ikiwa mwenzako anasema unakoroma kisha pumzi inakatika, au ikiwa unalala saa mbili tu na bado unajisikia na nguvu za ajabu. Mwenye mawazo ya kujiua asisubiri asubuhi: amwamshe mtu wa karibu sasa hivi, asibaki peke yake, apelekwe kwenye hospitali iliyo jirani.

Wengi hukwama kwenye jina la hospitali ya magonjwa ya akili. Mirembe ya Dodoma, Mathari ya Nairobi na Kidongo Chekundu ya Zanzibar ni majina yaliyogeuzwa matusi ya mtaani, na mtu anaona heri akeshe kuliko kuonekana getini. Lakini huanzii huko. Anza zahanati au kituo cha afya, waambie ni usingizi. Wakiona haja watakupa rufaa. Beba karatasi ya wiki mbili yenye saa uliyopanda kitandani, saa uliyoamka, mara ulizozinduka, na ulichokunywa jioni ile, kahawa na bia zikiwemo. Daktari ataiuliza, na kichwa kilichokesha hakikumbuki.