Kwa Nini Behewa Haliachi Reli?

Huko Nanganga, mahali barabara itokayo pwani kwenda Masasi inapoachana na ile ya Ruangwa na Nachingwea, mwanafunzi wa leo hulijua behewa kwa picha tu. Haikuwa hivyo daima. Mpango wa karanga, ulioanzishwa na Serikali ya Uingereza mwaka 1947, ulileta reli hadi Nachingwea. Mpango huo uliachwa mwaka 1951. Bandari ya Mtwara ilifunguliwa mwaka 1954, lakini shehena iliyotarajiwa haikuwapo. Mwaka 1962 reli ikafungwa, kisha vyuma vyake vikang'olewa.

Reli hiyo ilikuwa na upana wa mita 1, sawa na Reli ya Kati ya zamani. Basi tuchunguze mwendo wa behewa katika kona. Kona ya robo duara ikiwa na reli mbili zilizoachana mita 1, reli ya nje huizidi ya ndani kwa π/2, yaani takribani mita 1.6, hata nusu kipenyo cha kona kiwe kikubwa kiasi gani. (Mwalimu awaachie wanafunzi wathibitishe.) Lakini magurudumu mawili ya behewa yamekazwa katika ekseli moja, nayo huzunguka sawasawa. La nje litawezaje kwenda mbali zaidi?

Siri imo katika umbo. Gurudumu la reli si duara la unene mmoja. Limechongwa kama pia iliyokatwa ncha, upande wa ndani ukiwa mnene zaidi. Katika kona, ekseli husogea kidogo upande wa nje. Gurudumu la nje hukanyaga kwa sehemu yake pana, la ndani kwa sehemu nyembamba, na tofauti ya mwendo hupatikana. Ukingo wa gurudumu, ambao wengi hudhani ndio uongozao, kwa kawaida ni kinga ya mwisho tu.

Jaribio: gundisha vikombe viwili vya plastiki mdomo kwa mdomo, uviviringishe juu ya rula mbili zilizoinamishwa. Vikipotoka, hujirudisha katikati. Vigundishe kitako kwa kitako, vitaanguka.

Behewa refu hulazwa juu ya bogi mbili, kila moja ikiweza kugeuka peke yake. Hata hivyo bogi hufuata upana wa njia yake: TAZARA ina milimita 1067, reli mpya ya Dar es Salaam hadi Dodoma 1435. Ndiyo maana huko Kidatu, Reli ya Kati inapokutana na TAZARA, shehena huhamishwa toka behewa moja hadi jingine.