Mafunzo Niliyopata kwa Mbungo

1. Bungo, tunda la mbungo, halikamuliwi. Ukipasua ganda lake nene utakuta kokwa zilizovikwa nyama laini ya rangi ya chungwa, nayo haiachii kwa urahisi. Shangazi aliyenifundisha, mtu wa Pemba, huziroweka majini, akazifikicha kwa mkono mpaka nyama itoke, kisha akachuja na kutia sukari. Mashine haikatai, ila huishtua kidogo kidogo tu ili kokwa zisipasuke. Wengine hutia hiliki. Mimi situmii, maana harufu ya bungo lenyewe inatosha, na ukali wake mtamu sijaupata katika tunda jingine lolote la pwani.

2. Subiri rangi. Bungo bichi hutoa utomvu mweupe unaoganda vidoleni na kisuni. Likishageuka manjano iliyokolea ndipo lipasuliwe, na hata hapo paka kisu mafuta kama upasuavyo fenesi.

3. Utomvu huo una historia. Mmea ulio jamaa ya mbungo, Landolphia kirkii, ulipewa jina la John Kirk, mwakilishi wa Uingereza Zanzibar katika karne ya 19, na mpira wake ulikuwa bidhaa kubwa ya pwani yetu. Kusini mwa Tanganyika, Wangindo waliugema porini na kuuza katika miaka iliyotangulia Vita vya Maji Maji vya 1905. Leo tunaujua mbungo kwa juisi peke yake.

4. Hatuli peke yetu. Kule Gombe, Kigoma, sokwe hula sana mabungo, na kokwa wanazomeza huangushwa mbali na shina mama. Tangu nilijue hilo, kumfukuza kima kwenye mbungo kumenipungukia raha.

5. Funzo hili ndilo linaloniuma zaidi. Mbungo haujisimamii. Shina lake ni gumu, lakini hushika matawi ya wenzake kwa vikono na kupanda mpaka kileleni kwenye jua, na huko ndiko huchanua maua meupe yenye harufu nzuri. Mchoma mkaa akiangusha mti uliobeba mbungo, ameangusha na mabungo ya mtaa mzima, hata kama hakuugusa mbungo wenyewe. Kwa hiyo mwenye kokwa azioteshe chini ya mwembe mkubwa au mti wowote ambao hana nia ya kuukata, na awaambie watoto wake kwamba mti ule una mgeni.