FIMBO ILIYO MKONONI MWAKO

Somo kwa waamini wote, zaidi kwa vijana na kwa wazee wa kanisa

Kusoma: Kutoka 4:1-5 na 20, Matendo 7:29-34, 1 Timotheo 3:6



Juma hili tunataka tujifunze habari ya mtu mmoja aliyetoka katika muziki wa dunia, akawa mtumishi wa Mungu. Tumechagua somo hili kwa sababu jambo lenyewe liko mlangoni petu. Hapa Goma, kutoka Birere hata Ndosho, vijana wengi wanaimba hip hop. Wengine wanaguswa na Neno, wanakuja kanisani. Ndipo wazee wanaulizana: tufanye nini nao?

1. Mtu tunayemsoma

Jina lake ni Curtis Walker, lakini dunia inamjua kwa jina la Kurtis Blow. Alizaliwa mwaka 1959 katika Harlem, mtaa wa watu weusi katika mji wa New York, Marekani. Wakati wa ujana wake, vijana maskini wa mji ule walianza kusema maneno kwa mdundo juu ya sahani za muziki. Huo ndio mwanzo wa hip hop.

Mwaka 1979, alipokuwa na miaka 20, kampuni ya Mercury ilifanya naye mapatano. Akawa mwimbaji wa kwanza wa rap kuchukuliwa na kampuni kubwa ya muziki. Mwaka uliofuata wimbo wake uitwao The Breaks ulipewa cheti cha dhahabu, jambo ambalo wimbo wa rap ulikuwa haujapata. Kijana mwingine, Joseph Simmons, alianza kwa kuitwa mwana wa Kurtis Blow, kisha akapata sifa kubwa katika kundi la Run-DMC. Huyo naye leo ni mchungaji.

Tena Curtis mwenyewe ameshuhudia kwamba hakutia matusi katika nyimbo zake. Tuangalie vizuri hapa, wapendwa. Mtu anaweza kuwa na kinywa safi, na jina kubwa, na bado akamhitaji Yesu. Curtis alizaliwa mara ya pili mwaka 1994, akiwa na miaka zaidi ya 30.

2. Tupa chini

Mungu alimwuliza Musa ana kitu gani mkononi. Ilikuwa fimbo tu, chombo cha kazi yake ya uchungaji wa kondoo. Mungu akamwambia aitupe chini. Ikawa nyoka, na Musa akaikimbia.

Vijana wetu, sikieni. Kipaji chako kinaweza kuwa na nyoka ndani yake, nawe hujui, kwa sababu umekishika siku zote. Sifa za watu ni nyoka. Kutaka kuonekana mbele ni nyoka. Usipokubali kukitupa chini kwanza, hutaona kilichomo.

3. Okota tena

Lakini Mungu hakumwacha Musa aende mikono mitupu. Alimwambia aikamate tena ile fimbo. Na mstari wa 20 unaiita fimbo ya Mungu. Mti ni uleule, mwenye mali amebadilika.

Hapa tunasema na wazee, nasi tumo. Mara nyingi kijana akiongoka tunamwambia: hayo maneno ya mdundo ni ya shetani, usiyarudie tena. Tunabaki na somo nusu. Mwaka 2004 Curtis, pamoja na watumishi wengine, alianzisha ibada ya hip hop katika kanisa la Greater Hood Memorial, kulekule Harlem alikozaliwa. Kanisa hilo ni la AME Zion, jamii ya makanisa ambayo mwanzo wake ni watu weusi wa New York waliojitenga mwaka 1796 ili wamwabudu Mungu bila kudharauliwa. Siku ya Alhamisi jioni vijana walisikia Injili kwa mdundo wanaoujua. Fimbo ilikuwa imeokotwa.

Sisi watu wa Goma tusione jambo hili kuwa gumu. Mwaka 2002 moto wa Nyiragongo ulifunika katikati ya mji wetu. Ulipopoa, tulijenga kuta kwa mawe yaleyale. Lakini hakuna aliyejenga kabla mawe hayajapoa.

4. Ngoja mawe yapoe

Curtis aliongoka mwaka 1994. Aliwekewa mikono kuwa mtumishi mwezi wa Agosti 2009. Hesabuni: ni miaka 15. Mtu ambaye miji mikubwa ilimshangilia aliketi miaka 15 kabla ya kuitwa mchungaji. Musa naye alikaa miaka 40 katika Midiani. Na Paulo anamwonya Timotheo asimweke kuwa mwangalizi mtu aliyeongoka juzi, asije akajivuna na kuanguka.

Wapendwa, sisi tulilivunja neno hilo. Miaka iliyopita kijana mmoja alitoka katika rap, akaja kwetu. Watu walijaa kumsikia. Tukaona sadaka imeongezeka, tukampa mimbari mwezi wa tatu. Hakuna aliyemfundisha, hakuna aliyemtembelea nyumbani. Mwaka haukuisha, akarudi alikotoka. Tulimlaumu yeye siku nyingi. Leo tunaungama kwamba tulimtumia kabla ya kumlea.

Sasa mwingine ameingia katikati yetu. Anakaa kwenye benchi ya nyuma, anasikiliza. Tusimnyang'anye fimbo yake, wala tusimsukume mbele. Apewe mzee mmoja wa kutembea naye, ajifunze Neno, afagie kanisa pamoja na wenzake, aimbe katika kwaya kama wengine. Na wewe kijana, ukiona miaka inapita, usiseme umesahauliwa.

Curtis alipona baada ya moyo wake kusimama mwaka 2016, na mwezi wa Desemba 2020 madaktari walimwekea moyo mwingine. Mungu tunayemtumikia hana haraka, wala hachelewi.

Maswali ya kujifunza katika vikundi

1. Una nini mkononi mwako? Umekwisha kukitupa chini mbele ya Mungu?
2. Kwa nini Mungu hakumpa Musa fimbo mpya?
3. Katika kikundi chenu, ni nani ameongoka mwaka huu? Nani anamtembelea?

Bwana awabariki na kuwalinda. Amina.