Tonge la Teleka: Somo la Mathayo 6:26 Chini ya Mnara wa Kengele



Somo la wiki hii lisome ukiwa na Biblia mkononi: Mt 6:25-34, kisha Zab 84 na Kumb 22:6-7. Nitaanza na jambo ambalo sijawahi kulisimulia mbele ya wenzangu wa VIWAWA, ingawa wengi wao walikuwepo na mikono yao ilikuwa na vumbi kama yangu.

Ilikuwa wiki ya kipaimara. Kigango chetu kiko pembeni mwa mji wa Morogoro, pale barabara inapoanza kupanda kuelekea milima ya Uluguru. Wageni walikuwa wanakuja Jumapili, na ukuta chini ya mnara wa kengele ulikuwa umechafuka vibaya kwa mavi ya ndege. Ikaulizwa nani atapanda ngazi. Mimi ni mrefu, mwanzi upo, nikajitolea. Haikufika hata nusu saa nikawa nimeangusha viota vyote. Vilikuwa kama vibakuli vya manyoya na nyasi, vimebanana chini ya paa, vigumu kana kwamba fundi amevibandika kwa gundi. Vifaranga walianguka pamoja navyo. Karibu wote walikufa palepale kwenye sakafu ya saruji.

Mmoja alikuwa hai. Nikamchukua nyumbani, nikampa ugali uliolainishwa kwa maziwa, nikajiona msamaria mwema. Jumamosi asubuhi alikuwa amekauka ndani ya kopo. Jumapili nikaimba kwaya kama kawaida.

Lakini kilichonibaki moyoni miaka yote hii ni ndege wakubwa. Jioni ile walirudi. Walizunguka mnara, wakaja hadi ukutani, wakagusa pale palipokuwa na kiota, wakageuka, wakaja tena. Mpaka giza linaingia. Koo zao zilikuwa zimevimba. Mimi nilidhani ni hasira. Baadaye sana ndipo nilipojifunza kwamba ule uvimbe ni chakula cha watoto.

Sasa tuwafahamu kwanza. Wengi wetu huwaita mbayuwayu wote kwa jumla, au vijumbamshale, lakini hawa wa mnarani ni teleka, ukoo mwingine kabisa. Namna rahisi ya kuwatofautisha: mbayuwayu utamwona ametua kwenye waya wa umeme, ametulia. Teleka hutamwona hapo hata siku moja, kwa sababu miguu yake ni mifupi mno na vidole vyake havikuumbwa kushika waya wala tawi. Anaweza kuning'inia ukutani tu. Mabawa yake ni marefu na yamepinda kama mundu. Yule wa kwetu, teleka mdogo, ana kiraka cheupe juu ya mkia, na hukaa kwa makundi chini ya mapaa na madaraja. Hukusanya manyoya na majani yanayopeperuka hewani, akayagandisha kwa mate yake mwenyewe. Ile "gundi" niliyoivunja kwa mwanzi ilikuwa mate.

Yupo pia teleka wa minazi na mivumo. Huyu hugandisha manyoya machache kwenye jani kavu linaloning'inia, kisha huyabandika hata mayai yake kwa mate ili upepo usiyaangushe. Wanaotumwa kukata makuti kabla ya Jumapili ya Matawi wanisikie: jani bichi halina shida, lakini kabla hujavuta lile sketi la majani makavu lililoshuka kando ya shina, tazama kwanza nani anaingia na kutoka.

Anakula nini? Wadudu wanaoruka, basi. Mbu, nzi wadogo, wadudu mafuta, mende wadogo wenye mabawa, siafu dume, hata buibui wachanga wanaopeperushwa na nyuzi zao. Hashuki chini kuokota punje. Ukimwekea mchele au makombo ya mkate uwanjani, atapita juu yake kama hayupo. Hata maji hunywa akiwa anaruka, anapitisha mdomo juu ya maji, kama pale bwawa la Mindu. Watu husema wakiwepo hawa malaria itaisha. Tusidanganyane: wanakula kilichopo hewani, mbu wakiwemo, lakini chandarua bado unakihitaji.

Akiwa na watoto, hamezi. Anakusanya wadudu kooni, anawafunga kwa mate, wanakuwa tonge. Wataalamu waliochunguza teleka wa Ulaya wamekuta mamia ya wadudu ndani ya tonge moja, wakati mwingine karibu elfu. (Huko Oxford, Uingereza, teleka wa mnara wa makumbusho ya chuo kikuu wamekuwa wakichunguzwa tangu 1948. Mnara mmoja, miaka yote hiyo!) Tonge moja linapelekwa, mzazi anarudi hewani, na kazi inaanza upya, kwa wiki tano hivi mpaka kifaranga aruke. Mvua ikinyesha mfululizo wadudu hawapandi juu, na mzazi hulazimika kwenda mbali kutafuta.

Ninyi mliokulia Morogoro mmeshaona meza yao ikiandaliwa. Mvua ya kwanza ya vuli ikikatika, kumbikumbi wanatoka ardhini kama moshi. Watoto wanakimbia na ndoo na beseni, kuku wanapigana, na juu kabisa teleka wanapasua hewa wakipiga kelele. Sote tunakula chakula kimoja, sisi kwa chumvi na kikaango.

Hapo ndipo nataka turudi kwenye Mathayo 6:26. Yesu anawaambia wanafunzi wawaangalie ndege wa angani, ambao hawapandi, hawavuni, hawana ghala, na bado Baba wa mbinguni anawalisha. Mistari hii nimeisikia tangu utotoni, na sikuzote niliisoma kama habari yangu mimi: usiogope ada, usiogope ajira, Mungu yupo. Ndege alikuwa mfano tu, nikishamwelewa naachana naye. Lakini Yesu alianza kwa kusema waangalieni. Na ukiwaangalia kweli, unauliza swali la kitoto ambalo ndilo lilinitesa: Baba anawalisha kwa njia gani?

Mikate haishuki kwa teleka. Baba anawalisha kwa kumbikumbi wa bondeni, kwa nzi wa mto Morogoro, kwa wadudu wanaopandishwa na hewa ya joto kutoka misitu na mashamba ya mlimani. Halafu anawalisha watoto wao kwa koo la mama na baba. Jioni ile tonge lilikuwa limeshatolewa na Baba, limeshakusanywa, limeshafika mlangoni. Aliyekuwa ameondoa mdomo wa kulipokea ni mimi, nikiwa na mwanzi, tena kwa ajili ya sherehe ya Roho Mtakatifu. Sisemi hili ili nikutishe. Nasema kwa sababu niliungama dhambi nyingi ndogo ndogo wakati ule na hili halikunijia hata akilini kwamba ni la kuombea msamaha.

Angalia sasa Kumb 22:6-7. Ukikuta kiota njiani, mama amelalia mayai au makinda, usimchukue mama pamoja na watoto. Amri ndogo kabisa, ya ndege, katikati ya sheria nzito. Lakini ahadi iliyofungwa kwayo ni heri na siku nyingi, sawa na ile ya kuwaheshimu baba na mama katika Kumb 5:16. Jadilini hili kwenye kundi lenu: kwa nini Mungu aweke ahadi kubwa namna hiyo kwenye jambo ambalo hakuna anayekuona ukilifanya?

Na Zaburi ya 84 inamtaja ndege aliyepata mahali pa kiota karibu na altare za Bwana. Mzaburi haonekani kukerwa na uchafu, anamwonea wivu. Mpaka leo teleka wa Ulaya na Asia, ambao sehemu ya mwaka huwa huku Afrika, hurudi Yerusalemu na kutaga katika mianya ya Ukuta wa Magharibi, mawe yaliyobaki ya uwanja wa Hekalu. Kiebrania cha sasa humwita "sis", na neno hilo lipo katika Yer 8:7, nabii anapowasema ndege wanaojua majira yao ya kurudi huku watu wa Mungu hawajui. Biblia yetu inasema mbayuwayu. Yawezekana kabisa Yeremia alikuwa anamtazama teleka.

Tuje kwenye matendo, maana wengine mmeshaanza kuniuliza inboksi.

Ukimkuta teleka chini, usimrushe hewani. Mkubwa aliye mzima mweke juu ya kiganja kilichonyooka, mahali pa wazi, inua mkono, umwache aamue mwenyewe. Kifaranga mrudishe kiotani kama kinafikika bila mtu kuvunjika shingo. Usimpe ugali, wali, mkate wala maziwa, na usimmiminie maji mdomoni, yatamwingia mapafuni. Hata nyama ya kusaga, ambayo inaonekana ni chakula kizuri, huharibu ukuaji wa manyoya, na teleka mwenye manyoya mabovu hana maisha. Huko Frankfurt, Ujerumani, ipo kliniki nzima ya ndege hawa, na hulea vifaranga kwa wadudu, hasa nyenje. Sisi tuna kumbikumbi na nyenje bure; muhimu wasiwe wametoka shamba lililopigwa dawa. Lakini nisikupe matumaini ya uongo: kulea ni kazi ya kila baada ya muda mfupi kutwa nzima, na wengi hufa. Kiota kisichoangushwa ni bora kuliko kliniki.

Kuhusu kigango chetu. Teleka walirudi mnarani baada ya misimu miwili, wachache. Mimi nikiwa na bidii ya mtu aliyetubu, nilitaka paroko atoe tangazo: marufuku kugusa viota. Katekista wetu, mzee wa Kiluguru, akaniuliza kama najua habari ya matuta. Nikasema ninajua kidogo. Akanikumbusha: serikali ya kikoloni ilikuja na mpango wa kuhifadhi udongo wa Uluguru, ikawalazimisha watu kuchimba matuta, na mwaka 1955 watu wakachoka, ikawa ghasia. "Udongo ulikuwa unahitaji kutunzwa kweli, mwanangu," akasema, "lakini hakuna aliyewauliza wenye majembe."

Basi tukaenda kuwauliza wenye fagio. Akina mama wa WAWATA wanaofanya usafi Jumamosi hawakuwa na chuki na ndege. Walikuwa na chuki na kupiga deki mara mbili, halafu Jumapili asubuhi wakute benchi la mbele limechafuka. Ni haki yao. Mmoja wao ndiye aliyetoa wazo: piga ubao chini ya viota, upana wa mkono, mavi yaangukie hapo. Fundi wa kigango akapiga mbao tatu kwa masalia ya dari. Kuzikwangua ni zamu yetu vijana, na hapo sitaki kisingizio. Mavi yakitumika shambani, funika pua kwa kitambaa unapokwangua. Kupaka rangi mnara kunasubiri mpaka tuhakikishe hakuna kifaranga ndani.

Wenzetu Uingereza, ambako teleka wamepungua mpaka wakaingizwa mwaka 2021 kwenye orodha nyekundu ya ndege walio hatarini, wameweka masanduku ya viota ndani ya minara ya kengele ya makanisa. Sisi bado hatujafika huko. Mbao tatu zinatutosha kwa sasa.

Jambo lililobaki gumu ni dawa. Papa Fransisko katika Laudato Si' (2015), namba 34, anakumbusha kwamba ndege na wadudu wengi wanaotoweka kwa sababu ya sumu za kilimo walikuwa wanamsaidia mkulima. Nilipolisoma hilo kwenye kikao, kijana mmoja kutoka Mgeta akasimama. Kwao wanalima kabichi, karoti na nyanya kwenye miteremko, na mboga hizo ndizo tunazokula mjini. Akasema, "Kaka, nisipopiga dawa sina kabichi, na ada ya mdogo wangu inatoka kwenye kabichi." Hakuna aliyecheka. Sikuwa na jibu la kumpa, na nisingependa mtu ampe jibu la haraka. Tulichokubaliana ni kidogo: kupiga pale mdudu anapoonekana badala ya kila wiki kwa mazoea, kutoosha bomba la dawa mtoni, na kumwalika mtu wa SUA aje atufundishe njia nyingine. Yeye mwenyewe ndiye anayefuatilia mwaliko huo. Na dawa ya kupulizia wadudu tuliyokuwa tunaipiga kanisani kila mwezi, tumeacha. Ile haikuwa na ada ya mtu ndani yake.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi, baada ya usafi, tunakaa kwenye ngazi za kanisa kuwahesabu wakirudi kulala. Saa kumi na mbili kengele ya Malaika wa Bwana inapigwa, nao wanatoka wote kwa kishindo, wanazunguka mnara wakipiga kelele kuliko sisi tunaosali, kisha wanaingia mmoja mmoja. Mwezi uliopita tulihesabu kumi na wanne. Wawili kati yao koo zilikuwa zimevimba.