Daraja Lililoyumba

Mji wa London, katika nchi ya Uingereza, umekatwa na mto uitwao Thames. Upande wa kaskazini liko kanisa kuu la Mtakatifu Paulo, na ng'ambo ya kusini iko nyumba kubwa ya picha iitwayo Tate Modern. Ili watu wapate kuvuka kwa miguu baina ya pande hizo, lilijengwa daraja jembamba lililoshikwa na kamba nene za chuma. Urefu wake ni mita 325, na jina lake Millennium Bridge.

Daraja hilo lilifunguliwa tarehe 10 Juni 2000, na watu maelfu wakaja kulivuka. Walipojaa juu yake, likaanza kuyumba huku na huku, hata wengine wakashika vyuma vya pembeni. Halikuvunjika; lakini tarehe 12 Juni likafungwa.

Je, wajenzi hawakupiga hesabu? Walipiga, na daraja lilikuwa na nguvu za kuchukua uzito ule. Sababu ilikuwa nyingine. Mtu atembeapo husukuma chini kwa kila hatua, tena husukuma kidogo kulia na kushoto. Msukumo wa mtu mmoja ni mdogo mno. Lakini daraja liliposogea kidogo, kila mtu alipanua miguu asipepesuke, na kwa kufanya hivyo akazidi kulisukuma. Daraja likazidi kuyumba, na watu nao wakazidi kupanua miguu.

Basi mainjinia waliwapitisha watu juu yake, wakiongeza idadi yao kidogo kidogo, huku wakipima. Wakaona ya kuwa walipokuwa wachache daraja lilitulia. Bali walipopita kiasi fulani liliyumba kwa ghafula. Ndipo wakatia vyombo 37 mfano wa bomba la baiskeli, vyenye majimaji ndani ya kupunguza nguvu za mwendo, na mizigo 52 yenye springi ya kuzuia mtikisiko wa juu na chini. Tarehe 22 Februari 2002 likafunguliwa tena, limetulia.

Haba na haba hujaza kibaba. Ajengaye daraja hana budi kupima uzito wa watu, na mwendo wao pia.

MASWALI
1. Kwa nini daraja lilifungwa, ingawa halikuvunjika?
2. Tembea polepole juu ya mstari uliochorwa chini. Mwili wako waelekea upande gani kwa kila hatua?